Vidonge Vitatu kwa Siku

Jumatatu, 12 Februari

Vipimo vya leo, kabla ya kuoga. Kifua 91. Kiuno 74. Nyonga 93. Mwezi uliopita kifua kilikuwa 90. Sentimita moja. Labda niliuvuta utepe vibaya.

Nimeandika katika daftari la wateja, ukurasa wa "Mama Esther". Hakuna Mama Esther. Ni mimi. Fundi wa nguo akiwa na vipimo vya mwanamke daftarini, hakuna anayeuliza.

Mwezi wa tano tangu nianze. Ngozi ya uso imelainika. Chini ya kila chuchu kuna kitu kigumu kama punje ya hindi, nikigonga ukingo wa meza naona nyota. Ndevu bado zinaota, polepole kidogo. Asubuhi mwili hausimami tena kama zamani. Hilo ni pumziko. Sauti ni ile ile. Nana aliniambia sauti haitabadilika kamwe, nisiisubiri.

Ijumaa nililia kwa sababu uzi mweupe uliisha.

Nana ni kama mimi. Alisuka nywele hapa Makiso miaka miwili, kisha akahamia Bukavu. Tunaandikiana kwa simu. Ni yeye aliyenifundisha kutumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanzoni nilimeza kimoja kwa siku. Desemba nikamwambia sioni kitu. Akajibu kwamba kimoja ni cha wanawake ambao tayari wana homoni zao. Sisi tumeze vitatu. Tangu Januari nameza vitatu. Asubuhi, mchana, jioni. Kwenye duka la dawa nasema ni vya mke wangu. Kila mwezi duka jingine.

Jumatano, 21 Februari

Vitenge vya Machi Nane, sikukuu ya wanawake, vimefika. Papa Kambale, bosi wetu, amefungua marobota manne. Duka liko mbele, karakana yetu nyuma. Mafundi watatu, masini tatu za kushonea, za kukanyaga. Kila mwanamke wa Kisangani anataka libaya, blauzi ya kitenge, mpya ya sikukuu, na kila mmoja anataka yake iwe ya kwanza.

Leo nimekaa kwenye masini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Nikifika nyumbani Mangobo nakaa tena kwenye masini yangu, nguo za majirani. Kumi na moja ziko kwenye gunia.

Wanawake wanavua shali, wananyosha mikono, napima. Najua mwili wa kila mmoja kwa tarakimu. Nawaonea wivu. Si wivu mzuri. Mmoja alilalamika matiti yake makubwa na mimi nilitaka kumchoma na pini.

Jumapili, 25 Februari

Sikwenda misa. Shavu la mguu wa kushoto linauma. Kama msuli uliokaza ukakataa kuachia.

Ni kukanyaga masini. Hakuna kingine.

Jumatano, 28 Februari

Nimepima. Kulia 34. Kushoto 37.

Nimerudia mara mbili, mahali pale pale, upana wa kiganja chini ya goti. Kulia 34. Kushoto 37. Ngozi ina joto na inang'aa.

Nimetoa karatasi iliyo ndani ya pakiti ya vidonge. Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimeipiga picha kwa simu nikaikuza. Inasema ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, acha dawa, mwone daktari haraka. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge likikatika linakwenda kwenye mapafu.

Nina diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, sehemu ya biokemia. Nimeelewa kila neno.

Nimekunja karatasi nikairudisha. Kisha nikameza cha jioni. Nikiacha, kila kitu kitarudi nyuma. Hayo ndiyo niliyofikiri. Naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 1 Machi

Nimechechemea hadi nyumbani saa nane. Papa Kambale alinirudisha nyumbani mapema, alisema fundi anayekunja uso anafukuza wateja.

Mama mkubwa Agathe ameuona mguu. Yeye ni dada wa marehemu mama yangu, ametulea mimi na mdogo wangu Fifi. Aliuinua mguu kama anayepima ndizi sokoni. Kisha akauweka chini polepole sana.

"Papa, hii hapana ugonjwa ya hospitali. Hii iko mbasu. Ulivuka kitu ya mutu."

Ananiita papa tangu nikiwa mtoto, kama mama wote wa hapa wanavyowaita watoto wao wa kiume. Ni neno la upendo. Kila mara linanichoma.

Mbasu ni mtego. Mtu mwenye chuki anazika kitu njiani, anataja jina lako, unapita juu yake, mguu unavimba hadi unaoza. Hospitali, wanasema, inaufanya uwe mbaya zaidi. Sindano ikiingia, unakufa.

Fifi alisema twende kwanza kwa daktari. Mama mkubwa akamwambia anyamaze, yeye ni mutoto.

Wote wawili wakanitazama. Kwa daktari wataniuliza natumia dawa gani. Kwa mbasu hakuna anayeuliza hilo. Nikasema, labda ni mbasu.

Hivyo tu. Maneno matatu. Nilihisi nafuu.

Jumamosi, 2 Machi

Mganga amekuja. Anaishi Lubunga, amevuka mto asubuhi. Mzee safi, viatu vimepakwa rangi. Amepasha mawese kwenye kikaango akachanganya na kitu cheusi.

Alitaka nivue shati. Nilisema nina baridi. Akasema dawa haiingii kwa mtu aliyejifunika. Nikasema nina homa, nitakufa na baridi. Mama mkubwa akakasirika, akashika kifungo cha juu. Nikamsukuma mkono. Sijawahi kumsukuma mkono maisha yangu yote. Mganga akasema basi, mguu unatosha.

Chale tatu chini ya goti, kwa wembe mpya. Fifi aliusimamia huo wembe, aliufungua yeye mwenyewe. Kisha mganga akakanda. Kuanzia kifundo kwenda juu, kwa vidole gumba, kwa nguvu zake zote. Kwa muda mrefu. Niliuma shuka.

Nilijua mguu huu haupaswi kukandwa. Hata karatasi ya dawa isingehitajika, mtu akifikiri kidogo anajua. Bonge liko pale na mtu analisukuma juu. Nilihesabu kila mkando. Sikusema basi.

Mwishoni akaosha mikono akasema: "Mwenye alitega atakuja yeye mwenyewe. Siku mbili. Ataingia kwa mulango yenu ju ya kuomba kitu yake. Mutamujua."

Jumatatu, 4 Machi

Ilitokea leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naandika yote.

Nilikuwa barazani, mguu juu ya kiti, nafunga vifungo vya nguo ya mtu. Mama Zawadi akaingia. Ni mjane, ana nyumba ya tatu kutoka kwetu, alihamia mwaka jana. Anakaanga mikate, maandazi madogo ya mviringo, kwenye kona ya mtaa. Anatoka kabla ya watu wote kwa sababu lazima awashe moto.

"Fundi! Libaya yangu iko wapi? Le huit mars ni hii Ijumaa. Nivae nini, gunia ya makaa?"

Nilicheka. Yeye naye akacheka.

Mama mkubwa akatokea mlangoni na ufagio mkononi. Hakucheka.

"Umekuja."

"Nimekuja, dada. Mulilala muzuri?"

"Umekuja kuomba kitu yako."

"Eh, nguo yangu. Nilitoa kitenge hapa mbele yako."

Mama mkubwa akaanza kupiga kelele. Muchawi ameingia. Muchawi amekuja yeye mwenyewe, kama vile mganga alisema. Majirani walitoka na miswaki mdomoni.

Kwenye gunia langu kuna vitenge vya wanawake kumi na mmoja. Wiki ya Machi Nane, kila mwanamke wa mtaa huu lazima aje mlangoni kwetu kuomba kitu chake. Mama Zawadi ni wa kwanza kwa sababu anaamka mapema. Ni hilo tu. Mtoto wa darasa la tatu angeliona.

Mama Zawadi akanitazama. Hakutazama mwingine yeyote. Alisubiri niseme.

Nilitazama kifungo. Nilipitisha sindano. Nilivuta uzi.

Akatoka bila libaya.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna aliyenunua mikate yake leo. Fifi alipita pale. Beseni limejaa, nzi juu. Adhuhuri kijana mmoja akalipiga teke, mikate yote ikaenda kwenye tope. Watu walitazama.

Vijana wa mtaa wamempa hadi Ijumaa. Afungue mbasu au ahame. Mmoja wao alisema mbele ya Fifi, kwa utani, kwamba mikate inakaangwa kwa mafuta, na mafuta ya moto yana kazi nyingi.

Mimi. Tangu asubuhi nikivuta pumzi kuna kisu upande wa kulia, chini ya mbavu. Nimepanda ngazi mbili za baraza nikasimama kama bibi wa miaka tisini. Kikohozi kikavu. Mapigo ya moyo 118, nimekaa.

Nimeacha vidonge leo. Vilivyobaki viko ndani ya sanduku la masini, chini ya kopo la mafuta.

Naogopa. Naogopa kufa, na naogopa kufa kisha Mama Zawadi achomwe kwa ajili ya kifo changu.

Jumatano, 6 Machi

Alfajiri nimemwambia Fifi malaria imenishika, anipeleke hospitali. Mama mkubwa alikuwa msalani. Tuliondoka kama wezi. Hakukuwa na pikipiki, tulipata toleka mbili. Niliketi nyuma ya baiskeli, mguu umening'inia, kila shimo nililihisi hadi kwenye meno. Mwendesha baiskeli aliuliza kama nabeba mimba, jinsi ninavyolia. Alifikiri anachekesha.

Daktari ni mwanamke, kijana, labda ananizidi miaka mitatu. Aliuona mguu, akaweka kidole, shimo likabaki. Akasikiliza kifua juu ya shati. Akauliza dawa ninazotumia. Nikasema hakuna.

Akamtuma Fifi kununua glavu na sindano. Hapa mgonjwa anakuja na vyake, ni kawaida. Lakini niliona glavu kwenye droo yake, pakiti nzima.

Mlango ulipofungwa akasema niinue shati. Nikasema hapana. Akasema, taratibu kabisa, "Kama hauniambie, nitatibu kitu isiyokuwako, na utanifia hapa. Unameza nini?"

Niliinua shati.

Alitazama kifua. Hakucheka. Hakufanya ishara ya msalaba, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akauliza ni nini, vingapi, tangu lini. Niliposema vitatu alifunga macho kidogo.

Nilimwambia mimi ni mwanamke. Kwa sauti, kwa mtu aliye mbele yangu. Mara ya kwanza. Sauti ilitoka nene na mbaya.

Aliandika. Nilitazama anachoandika. Aliandika dawa, idadi, tarehe. Hakuandika zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Ekografia ya mguu, ile mashine inayoona ndani ya mwili, imefanyika. Bonge la damu, mshipa mkubwa, kutoka nyuma ya goti kwenda juu. Kipande kidogo pengine kimekwenda kwenye pafu. Daktari anasema kama kingekuwa kikubwa nisingefika na toleka.

Sindano tumboni, asubuhi na jioni. Kisha vidonge kwa miezi. Dawa hii haiyeyushi bonge, inalizuia lisikue, mwili wenyewe unalimaliza polepole. Nisikandwe tena na mtu yeyote.

Nilimuuliza maswali yangu yote. Nilikuwa nimeyaandika kuanzia kiganja hadi kiwiko, ishirini na mawili. Alijibu aliyoyajua, mengine alipiga simu kwa mwenzake wa Kinshasa. Naandika majibu nisisahau.

Homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango ni ya aina inayogandisha damu kwa urahisi. Kwa mwanamke mzima, kimoja, hatari ni ndogo. Vitatu, na kukaa kwenye masini saa kumi na nne, ni kujitafutia. Nana hakujua. Sikumchukia Nana.

Kuongeza dozi hakuharakishi matiti. Yanakwenda kwa mwendo wake, miaka miwili, mitatu, na mara nyingi hubaki madogo. Nilipata sentimita moja kwa miezi mitano na hiyo ilikuwa kawaida kabisa. Hakuna kilichokuwa kimechelewa. Nililisoma jibu hili mara nyingi. Hakuna kilichokuwa kimechelewa.

Mafuta ya mwili yanahama kwenda nyongani. Nguvu za mikono zinapungua. Ndevu hazikatiki, zinapunguza kasi tu. Mifupa haibadiliki. Kulia kwa ajili ya uzi, ndiyo, hutokea. Na kuzaa: huenda nisiweze tena, hata nikiacha. Alisema ningepaswa kuambiwa hili kabla ya kidonge cha kwanza.  Sijawahi kutaka mtoto. Lakini sikuwahi pia kuulizwa.

Kuna homoni nyingine, ya kupaka kwenye ngozi, hatari yake ya damu ni ndogo zaidi. Inatolewa na vipimo vya damu kila miezi michache. Haiko Kisangani. Labda Kinshasa. Na kwangu si sasa. Kwanza bonge liishe. Alisema miezi sita tuzungumze tena, hakuahidi.

Nimemwambia Fifi jioni. Aliendelea kukunja kanga. Kisha akasema:

"Kumbe ile vidonge niliona mu sanduku ya masini... Mie nilizani uko na muke ya mutu."

Tulicheka hadi kifua changu kikauma na muuguzi akaja kutugombeza. Kisha Fifi akalia. Aliniuliza aniite nani. Nikasema jina langu la Dieumerci linatosha, ni la wanaume na la wanawake. Aliuliza mama mkubwa atajua lini. 

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi wanawake walipita barabarani wakiimba. Kutoka dirishani niliona kitambaa tulichoshona. Mikono ya nguo mitatu niliitambua kuwa kazi yangu.

Saa tano Fifi alipiga simu kutoka nyumbani. Vijana wako kwenye mlango wa Mama Zawadi. Wametoa meza yake nje. Kiongozi wa mtaa yuko pale, anasema watulie, lakini amesimama mbali. Mama mkubwa yuko mbele ya wote.

Nilitaka kwenda. Daktari alisimama mlangoni akasema nikitembea hadi Mangobo leo, watu watakaa matanga mara mbili. Nikamwambia Fifi: fungua spika. Inua simu juu.

Nilisikia kuku, kelele, mtu akipiga bati. Kisha Fifi akipaza sauti kwamba mgonjwa anasema. Kelele zikapungua.

Nilisema. Nimejaribu kukumbuka maneno yote. Nilisema hakuna mbasu. Nilisema nilimeza vidonge vya wanawake, vitatu kila siku, mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Kwamba damu imeganda kwa sababu ya hivyo. Kwamba daktari ameona kwa mashine na karatasi iko. Mtu akauliza kwa nini mwanaume ameze vidonge vya wanawake. Nikasema kwa sababu mimi ni mwanamke.

 Nilidhani simu imekatika.

Kisha sauti ya mama mkubwa, karibu sana, kama ameichukua simu mkononi.

"Ni wewe ulijitegea?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana. Ni huyu mama. Hakukamata muguu, alikamata kichwa! Alikugeuza!"

Kelele zikarudi, kubwa kuliko mwanzo. Nilifikiri nimemuua kwa mdomo wangu. Nikapiga kelele hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

"Mama, tangu niko na miaka saba! Uliniona na kitenge yako kichwani, ulinipiga, unakumbuka! Huyu mama alifika mwaka jana!"

Sikusikia jibu. Mtu alicheka. Mwingine akasema neno ambalo sitaliandika. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe mie pia nilikuwa niende kuomba nguo yangu siku ile, asante Mungu nilichelewa." Kisha kiongozi wa mtaa, sasa akiwa na sauti: basi, basi, kila mutu kwake, leo iko fête ya wamama.

Fifi alirudi kwenye simu. Wameondoka. Meza imevunjika mguu. Mama Zawadi ameingia ndani akafunga mlango.

 Sindano ya jioni.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkubwa hajaja. Siku zote nne.

Fifi ameleta nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki. Masini yangu iko kwa Papa Kambale, mama mkubwa aliikodia mkokoteni. Hakusema usirudi. Alituma masini tu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoka hospitali. Papa Kambale amenipa chumba kidogo nyuma ya karakana, penye marobota. Alisema yeye anauza vitenge, mambo ya ndani ya nguo za watu hayamhusu. Kisha akaongeza nisikae mbele ya wateja kwa sasa. Naelewa. Ninaumia pia.

Mafundi wenzangu wamelikuta daftari, ukurasa wa Mama Esther, wakajua ni mimi. Mmoja, Jean-Paul, kila nikipita: "Mama Esther! Kiuno sabini na nne! Libaya ao gauni?" Wanacheka hadi wanashikilia meza.

Nilikasirika mchana kutwa. Sasa naandika: ni mara ya kwanza mtu kuniita mama. Ilikuwa kwa dhihaka. Niliisikia hata hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Wiki mbili bila homoni. Jasho usiku, godoro limelowa. Uso una mafuta tena. Ule mwili wa asubuhi umerudi, nilipoamka nao nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitaka kuvunja kitu. Punje zilizo kifuani zipo, haziumi.

Pakiti zilizobaki zilikuja ndani ya sanduku la masini. Nilizipeleka kwa daktari nikamkabidhi mkononi, maana nilijua nikikaa nazo siku moja mbaya nitameza. Hakunisifu. Aliweka kwenye droo.

Nimemwandikia Nana yote. Vipimo vya mguu, ekografia, kila kitu. Nilimwambia aache vitatu, aende hospitali yoyote, aseme. Amesoma. Hajajibu.

Jumapili, 24 Machi

Fifi aliniambia jana kwamba Mama Zawadi anaondoka, anakwenda kwa binti yake Yangambi. Hakuna aliyemfukuza. Wateja hawakurudi, ni hilo. Mama wengine walipita na watoto upande wa pili wa barabara, hata baada ya Machi Nane. Wanasema moshi hautoki bure.

Nimekwenda bandarini. Kwa miguu, polepole, nikipumzika kwenye vivuli. Baleinière, boti kubwa la mbao, ilikuwa imejaa nusu, magunia ya chumvi, magodoro, mbuzi wawili wamefungwa pamoja. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, kikaango kimefungwa kwa kamba juu ya beseni.

Nilishika beseni nimsaidie kulipandisha. Akalivuta kwake.

"Wacha. Uko mugonjwa."

Alilipandisha mwenyewe. Kisha akashuka tena, akasimama mbele yangu. Aliuliza mguu. Nikasema unapona. Aliuliza kama ile habari ya kwenye simu ni kweli yote. Nikasema yote. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichonunua.

"Mambo yako iko yako na Mungu, mie sitaingia. Lakini siku ile ya libaya, nilikuangalia. Ulijua. Ulinyamaza."

Nilisema ndiyo.

Alisubiri kidogo, labda niongeze.  Akapanda, akapata nafasi karibu na ukingo, akafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo. Injini iliwaka baada ya saa nzima. Muda huo wote nilikaa kwenye mawe ya gati, juani, na yeye kwenye boti, tukiwa mita kumi.

Ilipoondoka hakupunga mkono. Alitazama upande wangu. Sijui alitazama nini.

Nilirudi kwa njia ya sokoni. Nilisimama mara mbili.